Baiskeli Iliyoning'inia Nyumbani kwa Lushinge

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimemwona mtu akichimba choo Segese akaibuka na jiwe la dhahabu kubwa kama dole gumba, na mtu huyohuyo nikamwona mwaka uliofuata akiniomba ugoro. Nimeona lori langu la kwanza likimezwa na tope la mbuga mpaka ikabaki taa moja inanitazama, na nikalitoa, nikalikarabati, likaniingizia faida miaka saba. Darasa la kwanza nilisoma, la pili sikulimaliza, lakini leo wenye vyeti wanasimama kwenye baraza langu hapa Kahama wakingoja niwaite ndani. Nina magari ya abiria, nina mashine ya kukoboa mpunga, nina nyumba za bati ambazo sijaingia baadhi ya vyumba vyake. Kwa hiyo juzi mzee mmoja alipoingia dukani na fimbo yake, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, akasema mbele ya watu wote, "Nimekuja kukwambia, mama yako amefariki," walioshtuka ni makarani wangu, maana wanajua mama yangu alizikwa Shinyanga kabla sijaoa. Mimi nilimwambia tu, "Kaa, Lushinge. Amefariki lini?" Nikaagiza chai. Halafu nikawaambia makarani wafunge duka, na hilo nalo liliwashtua, kwa sababu sijawahi kufunga duka saa nne asubuhi, hata siku ya uhuru nilifungua kidogo.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, zina wenyewe wa kuzisimulia. Nitasema mwaka mmoja tu, ule wa baiskeli, miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, dhahabu ya Geita ilipokuwa imewatia watu wazimu. Mwajiri wangu Shinyanga alikuwa Bwana Salehe, mfanyabiashara mwenye ghala karibu na stesheni, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mizigo midogo iliyoshuka kwenye treni, barua, dawa, vipuri vya pampu, aliipeleka kwa wachimbaji kwa baiskeli, na waendeshaji wake wa njia ya magharibi tulikuwa wawili, mimi na Masanja. Masanja alikuwa Msukuma wa upande wa Msalala, mpole, mwenye mapaja mazito, anayeendesha kama mtu anayekwenda kutazama ng'ombe wake. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, mwembamba, na mjini waliniita Rama Kengele, kwa sababu kengele yangu ilisikika kabla sijaonekana. Mwanzoni mwa mwaka ule Bwana Salehe alituita ghalani, akakaa juu ya gunia la karanga, akasema, "Masika yakiisha nafungua kituo Geita. Kitakuwa na baiskeli sita na vijana sita, na mmoja wenu atakuwa msimamizi wao. Nitamchagua yule ambaye mzigo wake haukuchelewa." Masanja akasema, "Inshallah, Bwana," ingawa hakuwa hata Mwislamu. Mimi nilisema, "Bwana, andika jina langu sasa hivi uokoe wino baadaye." Bwana Salehe alicheka. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Mpaka mvua za kwanza hapakuwa na safari hata moja ambayo Masanja alinitangulia.

Njia yetu ikitoka Kahama ilikuwa tambarare ya kuchosha, halafu vinaanza vilima vya mawe, yale mawe makubwa ya duara yaliyobebana kama mtu aliyapanga akaenda kula akasahau kurudi. Ukipanda kilima cha mwisho unasukuma baiskeli kwa mkono, jasho linaingia machoni, na ukifika juu unaliona bonde lote la Isumbi chini yako. Upande wa kulia, kwenye mteremko, palikuwa na misheni na shamba la mizabibu la mapadre, mistari imenyooka kama imechanwa kwa kitana, kitu ambacho hukukiona mahali pengine popote katika nchi ile. Chini yake mashamba ya mtama na mpunga ya watu wa kijiji, halafu miti ya mtoni, halafu mto wenyewe. Kwa mwendesha baiskeli mteremko ule ulikuwa sukari. Unaacha pedeli, unainua miguu, upepo unaingia ndani ya shati, majani ya mizabibu yanapita pembeni kama maji. Mpaka leo nina magari, nasema kweli, lakini sijawahi kupata mwendo mtamu kama ule.

Siku yenyewe tuliondoka Kahama pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na Masanja alikuwa anautazama upeo wa macho. Tulipofika juu ya kilima tukasikia ngoma. Watu wa Isumbi walikuwa wanalima kwa pamoja, vijana wote wa kijiji katika mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka kwa kufuata ngoma, na mstari wao ulikuwa umefika mpaka kandokando ya njia. Masanja akasema, "Hapa tunashuka." Nikamwuliza tunashuka kwa nini, njia si yao. Akasema, "Watu wakiwa na jembe mkononi hawapitwi, Rama. Unashuka, unasalimia, unaomba jembe, unalima kidogo. Wakiridhika unakwenda." Nikamwambia nilishindwa kuwa mkulima hata nilipokuwa na njaa, sembuse leo nina mzigo wa Bwana Salehe. Nikajitupa mteremkoni. Nilipiga kengele kuanzia mwanzo wa mizabibu mpaka mwisho, nikapita mbele ya mstari wao karibu kabisa, tope likaruka, na nikasikia ngoma inanyamaza nyuma yangu. Wakati ule niliona ni heshima, nilidhani wamenyamaza wanitazame vizuri.

Mto ulikuwa umejaa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi. Nilikaa pale ukingoni nikiyatazama, na baada ya muda nikamwona Masanja anakuja na kundi la vijana, miguu yake ina udongo mweusi mpaka juu, anacheka nao. Alikuwa amelima. Vijana wanne wakavua nguo, mmoja akachukua baiskeli yake kichwani, mwingine mzigo, wakashikana mikono, wakamvusha mahali ambapo wao tu walipajua. Mimi nikainua baiskeli yangu nifuate. Kijana mmoja mrefu akaweka mkono kwenye usukani. Huyo ndiye alikuwa Lushinge, nsumba ntale wao, yaani mkubwa wa vijana, anayepanga nani alime wapi na anayetoza faini. Alinisalimia kwanza, "Mwadila," taratibu, kama vile tumekutana sokoni. Sikuitikia. Akauchukua mzigo wa Bwana Salehe kwenye keria yangu, akaukabidhi uvushwe kwa Masanja, kwa sababu mzigo haukuwa na kosa. Baiskeli akaichukua yeye.

Walinipeleka mbele ya wazee, banamhala wanawaita, chini ya kibanda cha nyasi. Lushinge alieleza kosa langu kwa maneno machache, na mzee mmoja mwenye kipara akauliza kwa Kiswahili ili nielewe, "Nani anamsemea kijana huyu?" Nikasimama. Nikasema, "Najisemea mwenyewe, mdomo ninao." Nikaeleza habari za Bwana Salehe, serikali, barabara ya watu wote, nikawauliza kama wamewahi kuona baiskeli hata moja kabla ya yangu. Niliongea vizuri sana, mjini wangenipigia makofi. Walinisikiliza mpaka mwisho. Yule mzee akasema, "Tumesikia," wakainuka wakaenda zao. Nikamwuliza Lushinge hukumu ni ipi. Akasema, "Hukumu gani? Hakuna aliyesema kitu."

Basi nikawa mtu wa Isumbi. Hakuna aliyenifunga kamba, hilo niliseme wazi. Ningeweza kutembea kwa miguu mpaka Kahama siku yoyote. Lakini baiskeli ilikuwa ya Bwana Salehe, na mtu anayerudi Shinyanga bila baiskeli ya tajiri wake anaitwa jina moja tu, na jina hilo lina polisi nyuma yake. Mbele yangu mto, nyuma yangu jina la mwizi, na katikati nyumba ya Lushinge, ambako baiskeli ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti juu ya moshi wa jiko. Kila asubuhi nikienda shambani nilipita mlango ule ukiwa wazi, nikaona gurudumu la mbele likizunguka polepole kwa upepo, na kengele yangu inang'aa. Kwa sababu nilikuwa nakula chakula cha kijiji nililima na kijiji. Jembe lilinitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakageuka sugu. Vijana waliniita Bwana Kengele. "Bwana Kengele, piga basi, mtama usogee." "Bwana Kengele, teremka, umefika mwisho wa mstari." Nimeshatukanwa na watu wakubwa maishani, lakini wale walikuwa na kipaji.

Waliniweka nyumbani kwa mjane mmoja, Mama Kabula, ambaye binti yake alikuwa ameolewa mbali na hakuwa na mwanamume wa kumlimia. Nyumba yake ilikuwa ya msonge, ndani giza la moshi, vyungu vimepangwa ukutani kutoka mkubwa mpaka mdogo, na kitanda changu kilikuwa ngozi ya ng'ombe upande wa ndama. Ndama alikuwa ananilamba nywele. Tulikula ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyokaushwa, siku nyingine michembe ya viazi vilivyokaushwa na maziwa mgando, na siku mjane alipotoka kuvuna kwa mapadre tulikula kile alichoweza kukificha kwenye upindo wa kaniki, zabibu chache zilizopondeka. Mapadre walikuwa na akili. Wakati wa kuchuma waliwaamuru wanawake waimbe bila kunyamaza, kwa kuwa mdomo unaoimba hautafuni. Mama Kabula alikuwa anaimba na kutafuna kwa pamoja, sauti haikatiki, na alinionyesha siku moja pale jikoni, akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani huku anatafuna karanga, halafu akafungua kinywa kitupu. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha nikakumbuka niko wapi nikaacha.

Mkutano wa wazee ukikaa, mimi mbele. Mara ya pili nilikwenda nikiwa na hasira, mara ya tatu na upole wa kujilazimisha, mara nyingine nikaapa, mara nyingine nikatishia. Swali lilikuwa lilelile, nani anamsemea, na jibu langu lilelile, mimi. "Tumesikia." Wanainuka. Niliamini kwamba wana roho mbaya, kwamba wamenigeuza punda wa bure wa kulimia mtama wao. Nilikwenda hata kwa padre, nikasimama kati ya mizabibu nimeshika kofia. Alinisikiliza huku anakata majani kwa mkasi mdogo, akasema, "Vijana hawa ndio wanalima shamba langu pia, rafiki. Mambo ya jembe lao siyaingilii." Akanipa kishada kimoja. Zabibu zilikuwa chungu.

Kisukuma kilikuwa kinaniingia bila mimi kukiomba, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Siku moja nilikuwa nje natengeneza mpini, Mama Kabula na jirani yake wako ndani wanapepeta, nikawasikia. Jirani aliuliza, "Bado hajasema?" Mama Kabula akajibu, "Bado." "Ana masikio huyu?" "Anayo. Ameyaacha kwenye ile kengele." Wakacheka mpaka ungo ukasimama. Jirani akasema, "Wewe si umwambie." Mama Kabula akasema, "Nimwambie? Mtoto hazaliwi kwa kuvutwa." Maneno niliyaelewa yote, maana yake sikuielewa hata moja, nikajisemea ndio wanawake.

Mto ulipopungua kidogo Masanja, aliyekwisha kupita mara mbili bila kuonana nami, akapita tena, anatoka Geita na mzigo wa kurudi. Alishuka, akalima kidogo, akaja kunikuta kwenye mstari. Alikuwa amenunua kofia. Nikamwambia amwambie Bwana Salehe kwamba baiskeli imevunjika mnyororo, naitengeneza. Akasema, "Bwana Salehe anauliza kila wiki. Nimemwambia unaumwa. Nimwambie unaumwa mpaka lini?" Halafu akashusha sauti. "Rama, nikusemee leo? Wazee wapo." Nilimtazama, Masanja huyu ambaye hakuwahi kunitangulia hata safari moja. Nikamwambia, "Siku Masanja atakaponisemea mimi, ng'ombe watapanda treni." Akasema, "Ng'ombe wanapanda treni, Rama. Kila Jumatano, Shinyanga." Akapanda baiskeli yake, akakanyaga taratibu kuelekea kilimani, na mimi nikarudi kwenye mstari, na vijana kwa mara ya kwanza hawakunitania. Hilo liliniuma kuliko utani wote.

Mtu aliyefungiwa chumbani anaupiga mlango. Mimi sikuwa na mlango wa kuupiga. Mtama ulipanda ukanifika kiunoni, kisha kifuani, mpaka nikawa sioni njia kutoka shambani, nasikia tu watu wakipita. Nilianza kusahau namna ya kukaa kwenye tandiko. Miguu yangu ilikuwa imeota unene wa mkulima. Nilihesabu masika kwa mawingu, na mawingu yalikuwa yanakuwa mepesi. Nikajua kwamba likipita juma moja au mawili zaidi, baiskeli sita zitapakiwa kwenda Geita, na jina langu halitakuwa la msimamizi, litakuwa la mtu aliyeiba.

Ilikuwa mchana, mvua ya mwishomwisho, tumekaa jikoni kwa Mama Kabula kwa sababu shamba limelowa. Alikuwa anasonga ugali. Sijui nini kilinitoka. Labda uchovu. Nikasema, si kwa sauti yangu ya barazani, "Mama, mimi nimeshindwa. Nifanye nini?" Mwiko wake ulisimama. Mpaka siku ile nilikuwa namwita Mama Kabula, kama kila mtu. Akasema bila kugeuka, "Rudia ulivyoniita." Nikarudia. Akaendelea kusonga. "Hapa mtu hajisemei," akasema. "Anayejisemea ni mtu asiye na watu. Mtu asiye na watu wazee watamhukumuje? Faini watampa nani? Akikosa tena watakwenda kwa nani? Wamekuuliza msimu mzima nani ni wako, nawe unawajibu huna mtu." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza. Akasema, "Ningekuambia ungenikodi. Mama hakodiwi, anaombwa. Na ukiniomba ujue umeomba nini. Paa langu likivuja ni lako. Nikifa unanizika wewe." Ugali ulikuwa umeiva. Nikasema, "Naomba." Akauipua.

Mkutano uliofuata alikwenda mbele akiwa amevaa kaniki yake safi. Mzee mwenye kipara akauliza, "Nani anamsemea kijana huyu?" Mama Kabula akasema, "Huyu ni wangu." Lushinge akamwuliza, "Tangu lini, mama?" Akasema, "Tangu ndama wangu alipomlamba kichwa. Ni mpumbavu lakini ni wangu. Aliwapita na jembe mkononi, nimesikia, anaomba radhi." Hawakunitazama hata mimi. Walitoza mbuzi mmoja, dume, wa vijana kula. Mama Kabula akasema mbuzi yuko zizini kwangu, mkamchukue. Shauri lote halikufika muda wa kukaanga karanga. Lushinge aliishusha baiskeli mwenyewe, akaipangusa masizi, akaniletea mpaka mkononi, akanisalimia kama siku ile mtoni, "Mwadila." Safari hii niliitikia.

Matairi yalikuwa yamekauka kwa moshi na kupasukapasuka. Niliisukuma baiskeli juu ya kilima chote na sehemu kubwa ya njia ya Kahama. Nilipofika Shinyanga ghala lilikuwa kimya, baiskeli sita hazipo, Masanja hayupo. Bwana Salehe aliizunguka baiskeli yake mara moja, akaigusa tairi. Akasema, "Masanja aliniambia unaumwa. Umepona?" Nikasema nimepona. Akasema, "Alhamdulillah," akaiingiza ndani, akafunga mlango, na huo ndio ukawa mwisho wa kazi yangu kwake. Wako wanaosema nilitajirika kwa dhahabu ya Geita. Geita ya mwaka ule sikuiona. Utajiri wangu ulianza kwa mpunga wa Isumbi, ambao nilikwenda kuununua kwa kubeba begani, gunia moja, halafu mawili, kutoka kwa watu ambao sasa nilikuwa najua majina ya ndama wao, na hakuna mnunuzi wa mjini aliyeweza kunishinda pale, kwa sababu wote walikuwa wanajisemea wenyewe.

Safari yangu ya kwanza ya mpunga nilinunua mbuzi dume mnadani Kahama, mnene kuliko wa faini, nikamswaga mpaka Isumbi kwa miguu, nikamfunga zizini kwa Mama Kabula. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno, maana deni silipendi, hata siku zile sikulipenda. Alitoka na ungo wake, akamtazama mbuzi meno, akamtazama na kwato. Akasema ni mbuzi mzuri, nimrudishe mnadani. Nikamwambia ni malipo ya yule wa wazee. Akasema, "Mama hamwuzii mwanawe mbuzi. Kama mikono inakuwasha, nenda duka la mwarabu pale misheni kaniletee chumvi." Nilikwenda nikiwa nimekasirika, nasema kweli, nikaleta pakiti moja, akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza ilikuwa bei gani. Nikamwambia. Senti thelathini. Juzi, Lushinge alipomaliza chai, nilifuatana naye Isumbi kumzika mama, kama nilivyoomba.